Nyaya Nne za Gari la Mama Skola

Nilichomoa nyaya zote nne kwa mpigo. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyekuwepo msibani ameshalisimulia kwa namna yake, na katika masimulizi yote anayechekwa ni mimi, basi afadhali nijicheke mwenyewe kwa utaratibu. Asubuhi ile gari lilikuwa limewaka vizuri kabisa, linanguruma taratibu kama mtu anayesali rozari peke yake. Nikalizima. Jeneza la Mama Skola lilikuwa bado sebuleni, watu wako uani kwenye misa, na mimi sikuwa na kazi. Mtu mwenye akili akikosa kazi hukaa. Mimi, ninayejulikana mtaa mzima wa Mlabani kwa kukaa, siku hiyo ndiyo nikaona nisimame. Nikafungua boneti, nikaona unyevu kidogo kwenye kofia ya distribyuta, nikasema ngoja nifute, mama wa watu asije akasafiri na kofia chafu.

Kwa wasiojua, maana magari ya siku hizi hayana tena kitu hicho, distribyuta ni kama chungu kidogo cheusi kilichosimama ubavuni mwa injini. Ndani yake rota inazunguka na kugawa moto kwa plagi nne, kila moja kwa zamu yake, kama mama anayegawa nyama mezani. Kila plagi ina waya wake, na kila waya una tundu lake juu ya kofia. Ukitaka kufuta unachomoa mmoja, unafuta, unarudisha, ndipo unashika wa pili. Hilo nalijua tangu ujana wangu, na nimewahi kumwita mtu mjinga kwa kulisahau. Mimi nikachomoa zote, nikafuta kofia mpaka ikang'aa, halafu nikabaki nimeishika mkononi na matundu manne yananitazama, yote yanafanana. Basi nikazungusha injini kwa mkanda wa feni mpaka alama ya kwenye puli, lile gurudumu linalovuta mkanda, ikakaa mahali pake, nikajiambia rota inapoelekea sasa ndipo pa waya namba moja, na zingine nikazipanga zifuate. Ipo njia ya kuhakikisha, nitaieleza, lakini ilitaka nichafue mkono na nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Misa ikaisha. Jeneza likaletwa, likaingizwa nyuma ya gari, wazee wawili wakakaa nalo. Kwenye usukani akakaa Skola mwenyewe, binti wa marehemu, ambaye Ifakara ilikuwa haijamwona kwa miaka mingi mno. Akapiga stata. Gari likalipuka kama bunduki. Watu wakalala chini. Katekista alilala na kitabu chake. Bata wa jirani walikimbilia mtaroni na hawakurudi mpaka jioni. Skola akajaribu tena, ukalia mlipuko mwingine kwenye ekzosi, moshi mweusi ukatoka, kisha kimya. Ndani ya kimya kile akasikika mzee wa ukoo aliyetoka ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge, akisema neno moja tu: "Amegoma."

Huku kwetu gari lililobeba maiti likizimika, hakuna anayeanza kwa kuuliza habari za mafuta. Husemwa marehemu amegoma, ana neno na mtu, na mpaka neno hilo lisemwe hatakwenda. Vijana hawakubaliani na jambo hili, ila nao hushusha sauti. Deo, mpwa wa marehemu, alikuwa amekodi kosta moja nzuri yenye mapazia, imesimama barabarani inanguruma, na dereva wake ameshaanza kuangalia saa. Deo akasema, "Wazee wangu, samahani, tumhamishie kwenye kosta, jua linakwenda." Mama Skola aliomba jambo moja tu kuhusu kufa kwake, kwamba avuke mto kwenda kuzikwa kwao ndani ya gari lake mwenyewe. Jeneza likihamishwa, ombi hilo limekufa, na aliyeliua ni mimi na kitambaa changu cha kufutia.

Ombi hilo nililisikia ule mwaka niliokaa nyumbani kwake. Habari za kwetu na za ukoo wangu naziruka, hazina msaada hapa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka, na matokeo hayo nayo naomba niyaruke. Mama Skola alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha gari, na wa kwanza niliyemsikia akilitukana. Lilikuwa zee tangu siku hizo. Alilinunua limeshachoka, akalitengeneza, akawa anapakia mpunga, magodoro, wagonjwa na maiti, kati ya kivuko na vijiji. Alihitaji mtu wa kulinda nyumba. Alinifanyia usaili nimesimama mlangoni. "Unaweza kushinda ndani bila kutoka?" Naweza, mama. "Hata gulio?" Hata gulio. "Hata mpira uwanjani?" Nikamwambia mpira nasikia kelele zake kutoka ndani, inatosha. Akamgeukia jirani yake, Mama Vene, aliyekuwa anapepeta mchele upande wa pili wa michongoma: "Nimepata mkaaji!" Tangu siku hiyo ndilo likawa jina langu, na sijalipinga. Safari yangu ndefu kuliko zote maishani ni ya Kidatu, na hata huko nilirudi na basi lililofuata.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha nyuma, kina kitanda cha kamba na magunia ya mpunga mpaka karibu na dirisha. Kilinuka pumba na oili. Ukuta uliokitenga na sebule haukufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa mezani nilikipata kikiwa cha moto. Sikuwa nasikiliza, nasema ukweli. Mtu aliyelala chali kwenye kitanda cha kamba hawezi kuyafunga masikio. Na meza yenyewe, nikiikumbuka leo, naona ajabu tuliwezaje kula pale. Kila Jumapili baada ya kanisa Mama Skola aliing'oa distribyuta, akaileta ndani akiwa ameifunga kwa kitenge kikuukuu, akaiweka mezani katikati ya bakuli la wali na sahani ya kitoga, samaki wetu wa mtoni, wa kuchemsha. Pembeni kulikuwa na pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, ambao tulikuwa tunautafuna huku tukifanya kazi. Skola, ambaye alikuwa rika langu, alikuwa hajazoea. "Mama, hiki chakula kina ladha ya gari." Mama yake hakuinua hata macho. "Gari ndilo lililokileta."

Pale mezani ndipo nilipofundishwa, pengine kwa sababu nilikuwa karibu na sikuwa na safari. Ndani ya distribyuta kuna pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vikiachana ndipo moto unaporuka. Vikiota weusi unavisugua kwa msasa laini. Nafasi iliyo kati yake ina kipimo chake, na kifaa cha kupimia kilikuwepo, lakini kilidondoka mtoni siku gari lilipokuwa kwenye kivuko, kwa hiyo Mama Skola alikata ukanda mwembamba wa jalada la kalenda ya parokia, ya mwaka uliopita, akaona unatosha sawasawa. "Usikate ya mwaka huu," alinionya, "tutakosa sikukuu." Ukanda ukipita kwa kusuguasugua kidogo, nafasi iko sawa. Ukipita kama mtu anayeingia kwake, umeachanisha mno. Mama Vene alikuwa akichungulia dirishani akauliza, "Mnapima nini humo siku zote, mnashona nguo?" Mama Skola akamjibu, "Tunashona barabara." Nililicheka jibu hilo kuliko lilivyostahili, kama anavyocheka mtu anayekula cha bure.

Kazi iliyonishinda kwa muda mrefu ilikuwa taimingi, yaani kupatanisha moto na pistoni, ili moto uruke pale pistoni ya kwanza inapofika juu, usiwahi sana wala usichelewe. Kwenye puli kuna alama. Unazungusha injini polepole, alama inakaa mahali pake, pistoni iko juu. Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne tukaona tumemaliza. Mama Skola akanipiga mkono. Pistoni ile, alisema, hupanda mara mbili. Mara ya kwanza imebeba mzigo, hewa imebanwa, inasubiri moto. Mara ya pili inatoa moshi tu, haina kitu. Alama ya kwenye puli inakaa mahali palepale mara zote mbili na haitakwambia ipi ni ipi. Ndiyo maana unatoa plagi ya kwanza, unaziba tundu kwa dole gumba, unamwambia mwenzio azungushe. Hewa ikikisukuma kidole kwa nguvu, ndiyo yenyewe. Isiposukuma, zungusha tena. "Weka dole," alikuwa akisema, "macho yako yanapenda kumaliza kazi mapema." Nilichukia dole langu kuwa jeusi wakati wa kula. Leo hii, nikifikiria lile shati jeupe, naona kwamba sikubadilika hata kidogo, nilizeeka tu.

Habari ya kugoma kwa marehemu niliisikia mezani hapohapo, masika, siku Mama Skola aliporudi amelowa mpaka kwenye nywele. Alikuwa anapeleka maiti ng'ambo ya mto, na kabla ya kufika kivukoni maji ya barabarani yakaruka mpaka ndani ya distribyuta, gari likafa. Wazee wakashuka, wakavua kofia, wakaanza kumbembeleza marehemu, wakimwomba radhi mmoja mmoja. Kaka wa marehemu akakiri mbele ya watu kwamba mpaka wa shamba aliusogeza yeye. Mama Skola wakati huo yuko chini ya boneti anakausha kofia kwa upindo wa khanga. Alitusimulia akitafuna, anacheka mpaka punje za wali zinatoka. Skola akamuuliza, "Sasa mama si ungewaambia ni maji?" Akaacha kucheka. "Niwaambie ya nini? Mimi nilihitaji muda wa kukausha, wao walihitaji muda wa kusema. Nikawasha walipomaliza." Akanyoosha mkono kuchukua pepeta. "Marehemu hagomi. Lakini walio hai wana mambo yao, na gari likitembea hawayasemi."

Baada ya hapo ndipo alipomwambia Mama Vene, jioni moja wakiwa sebuleni na mimi nikiwa kitandani kwangu nyuma ya ukuta, kwamba yeye mwenyewe siku yake ikifika hataki lori la kukodi. "Nimewavusha watu wote wa bonde hili," alisema. "Mimi nitavushwa na gari langu, nimelala nyuma, nasikiliza injini." Mama Vene akamuuliza nani atakayekiwasha chuma hicho miaka hiyo. Mama Skola akapandisha sauti, makusudi kabisa: "Si huyu mkaaji hapa nyuma ya ukuta, anayejifanya amelala? Yeye hatakuwa ameenda popote!" Nikakoroma kidogo, kwa adabu. Sikuahidi kitu. Lakini kwa miaka yote iliyofuata, nimeshahamia mtaa wa Lipangalala, nimeshaoa, nimeshapata wajukuu, nilikuwa nikienda pale uani kila nilipopata nafasi, nafunua turubai, nasugua pointi, nawasha, nazima, nafunika. Gari lilikuwa limeacha kwenda barabarani zamani. Daraja likajengwa, kivuko kikaondoka, na Mama Skola akawa anakaa kibarazani na fimbo yake, anasikiliza injini kichwa kimeinama. "Imewahi kidogo," angesema. Nami nageuza distribyuta kidogo, mpaka aitikie kwa kichwa.

Limebaki jambo moja la mwaka ule, nalo sikulisimulia kwa mtu mpaka Mama Skola alipofariki. Skola alitaka kuendesha. Alimwomba mama yake tangu kiangazi mpaka mvua za mwanzo, na mama yake akakataa kwa maneno mafupi. Siku ya ugomvi wenyewe ilikuwa Jumapili, distribyuta iko mezani, mimi nimeingia chumbani kuchukua msasa nikaona nisitoke. Skola alisema, "Unamfundisha huyu asiyekwenda popote, mimi mtoto wako unanikataza!" Mama yake akajibu taratibu, kama mtu anayetaja bei: "Huyu namfundisha kwa sababu haendi popote. Wewe nikikufundisha utakwenda." Nilisimama na msasa wangu nyuma ya ukuta. Ni jambo gumu kidogo kusikia sifa yako pekee ikitumika namna hiyo. Wiki ile ile Skola akapanda treni pale stesheni, na akaenda. Tukasikia baadaye amejifunza udereva huko alikokwenda, kisha anaendesha malori, kisha amevuka mipaka. Alituma salamu kwa watu wote wa mtaa, hata mimi nikapata yangu. Kwa mama yake hakutuma. Na Mama Skola, aliyekuwa na maneno kwa kila kitu, alikuwa akigeuza mazungumzo jina la binti yake likitajwa. Jumapili iliyofuata aliweka sahani tatu mezani, akaitazama ya tatu, akaweka distribyuta juu yake.

Ndiyo sababu siku ya msiba, mzee yule aliposema "Amegoma," watu wengi hawakulitazama gari. Walimtazama Skola. Amekaa kwenye usukani, mikono yote miwili imeushika, mwanamke mtu mzima mwenye mvi na mabega ya dereva. Deo akarudia habari ya kosta. Mzee akamwambia, "Kijana, subiri kwanza. Huwezi kumhamisha mtu aliyekasirika." Akavua kofia, akasogea nyuma ya gari, akaanza: dada yetu, sisi sote tuko hapa, kama kuna aliyekukosea aseme. Nami nikafungua boneti. Nilikuwa natafuta kosa kila mahali isipokuwa kwangu. Nikagusa koili, nikagusa kondensa. Kisha nikakumbuka dole. Nikatoa plagi ya kwanza, nikaziba tundu, nikazungusha mkanda wa feni kwa mkono mwingine. Alama ikafika mahali pake, rota ikielekea palepale nilipopaweka waya namba moja, na kidole changu hakikusukumwa na kitu. Nikazungusha tena mzunguko mzima. Alama ikarudi, hewa ikaja kwa nguvu, na rota ilikuwa imegeukia upande wa pili kabisa. Kila plagi ilikuwa inapata moto wa mwenzake. Dawa yake ni ndogo hata inatia aibu: waya wa kwanza ukae mahali pa wa nne, wa pili mahali pa wa tatu. Nikaufanya ubadilishaji huo, nikarudisha plagi. Shati lilikuwa limeshakwisha.

Nilikuwa nanyoosha mgongo ili niseme washa, ndipo Skola aliposhuka. Alizunguka akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya jeneza. Hakulia. Aliongea kama wanavyoongea madereva kwa dereva mwenzao, bila kupamba. "Mama, ulisema nitakwenda. Nilikwenda. Nilikuwa nangoja uniite, na wewe ulikuwa unangoja nirudi, tumekaa hivyo hivyo wote wawili wajinga." Watu wakadhani amemaliza. Nikarudisha kichwa chini ya boneti, nikashika spana, nikaanza kukaza nati ambayo haikuwa imelegea. "Barabara zote nilizopita nilikuwa nasikiliza injini kwa namna yako. Sikukwambia. Sasa nakwambia. Nisamehe, na mimi nimeshakusamehe. Niache nikuvushe." Nikaikaza nati ile, nikailegeza, nikaikaza tena. Dereva wa kosta akapiga honi. Nadhani palepale kuna mtu alimwendea kumwambia aache. Skola akajipangusa uso kwa upindo wa khanga, akasubiri, kama vile kuna jibu lingekuja. Kisha akarudi akapanda. Alinitazama kupitia kioo cha mbele. Nikafunga boneti nikampa ishara.

Liliwaka mara moja. Sikuwahi kulisikia likiwaka vile. Hata mimi, ninayejua habari za nyaya, nywele za mikono zilinisimama. Wanawake wakapaza sauti za wimbo, mzee wa ukoo akarudisha kofia kichwani akisema, "Mmeona?" na kila mtu akasema ameona. Deo aliipandisha familia kwenye kosta ikafuata nyuma. Waliniambia panda, Kalisti, nafasi ipo. Nikasema lazima mtu abaki aangalie sufuria. Nilisimama pale getini nikisikiliza mpaka sauti ya injini ikachanganyika na za bodaboda njia ya kwenda darajani, na kama mwenyewe angekuwepo kibarazani, nadhani angesema imewahi kidogo, lakini siyo sana. Baadaye nikasikia kwamba halikuzimika mpaka lilipofika uani kwao marehemu, na kwamba darajani Skola alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika.

Uani alikuwa amebaki Mama Vene, miguu yake siku hizi haimpeleki mbali, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, uso umeelekea kule gari lilipokuwa limesimama asubuhi nzima. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," japo tulikuwa tumeshaamkiana. Nikaenda kunawa mikono, oili haitoki. Nikaanza kujieleza: kwamba unyevu wa asubuhi, kwamba kofia ile ni ya zamani, kwamba kwa kweli ni bahati. Aliniacha niseme yote mpaka nikaishiwa. Kisha akasogeza ukuni kwa mguu, akasema:

"Kalisti, ile nati uliikaza mara ngapi? Siku nyingine ukitaka watu wapatane, itisha kikao. Usiharibu gari."